Mkuki juu ya kaburi la askari wa bunduki: jinsi kusini kunavyokumbuka vita vyake

Julai 25, Siku ya Mashujaa, shughuli ya Mtwara huwa Naliendele, nje kidogo ya mji kwenye barabara ya kwenda Tandahimba na Newala. Mkulima wa korosho akisikia jina hilo anafikiria miche bora na wataalamu wa utafiti. Lakini Naliendele hiyohiyo ndipo yalipo makaburi ya mashujaa, walipolala askari wa Jeshi la Wananchi waliopoteza maisha Msumbiji. Gwaride la maombolezo hujipanga, tarumbeta hulia, watu husimama kimya kwa dakika moja, viongozi wa dini huomba kila mmoja kwa namna ya dini yake. Halafu huja sehemu inayowaduwaza watoto wa shule waliosimamishwa juani tangu asubuhi: viongozi wanajongea mmoja mmoja na kuweka silaha za jadi.

Kitaifa mpangilio unajulikana. Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi huweka sime, kiongozi wa mabalozi huweka shada la maua, meya huweka upinde na mshale, na mzee anayewawakilisha waliowahi kupigana huweka shoka. Mikoani mfano ni huohuo, Mkuu wa Mkoa akishika nafasi ya Rais. Usiku wa kuamkia siku hiyo, saa sita, huwashwa mwenge wa kumbukumbu, nao huzimwa saa sita ya usiku unaofuata.

Sasa mtoto anauliza: hawa si walikuwa na bunduki? Mkuki wa nini?

Ni swali zuri kuliko hotuba nyingi za siku hiyo, na kulijibu kunahitaji kuzunguka mikoa yote miwili ya kusini, kuanzia Milima ya Matumbi hadi Mto Ruvuma. Nchi hii ya Lindi na Mtwara imepiganiwa mara nyingi: mwaka 1888 dhidi ya kampuni ya Wajerumani, 1905 katika Majimaji, 1917 Wazungu walipopigana wao kwa wao huku wanaokufa wengi wakiwa Waafrika, na tangu 1964 wakati vita ya ukombozi ya Msumbiji ilipokuwa ng'ambo ya mto tu. Kila vita imeacha kumbukumbu ya umbo lake, na mara moja moja haikuacha chochote. Ukizitazama kwa pamoja unaona kwamba umbo haliamuliwi sana na ukubwa wa vita wala ushujaa wa watu. Linaamuliwa na mambo mawili: nani alibaki na miili, na nani alibaki na majina.

Naliendele pana vyote viwili, ndiyo maana kumbukumbu yake ni makaburi. Jeshi lenye orodha ya askari wake, linalojua nani alikuwa kikosi gani na alianguka lini, halihitaji kubuni sana: linapanga safu, linaandika majina, linaweka ulinzi na usafi. Ugumu wa Naliendele uko kwenye historia, kwa sababu watu huchanganya vita mbili za Msumbiji. Ya kwanza ni ya uhuru. Frelimo, chama cha ukombozi cha Msumbiji, iliundwa Dar es Salaam Juni 1962, ikapiga risasi zake za kwanza Chai, Cabo Delgado, Septemba 25, 1964, na Msumbiji ikapata uhuru Juni 25, 1975. Miaka yote hiyo Mtwara ilikuwa nyuma ya mstari wa mbele: Frelimo ilikuwa na hospitali yake hapa mjini, na vijiji vya kando ya Ruvuma vilijua maana ya ndege za Wareno na mabomu ya ardhini.

Vita ya pili ni ya baada ya uhuru, serikali ya Frelimo ikipambana na Renamo, kundi lililoasisiwa na idara ya usalama ya Rhodesia na baadaye kulelewa na Afrika Kusini ya makaburu. Mwaka 1986 Renamo walivuma Zambezia, jimbo la katikati ya Msumbiji, kiasi cha kutishia kuikata Msumbiji vipande viwili, na Oktoba 19 mwaka huohuo Samora Machel akafa katika ajali ya ndege. Tanzania ikapeleka maelfu ya askari Zambezia. Waliondoka mwaka 1988, na vita yenyewe ikaendelea hadi mkataba wa amani wa Roma, Oktoba 1992. Operesheni hiyo haikutangazwa kwa mbwembwe kama ile ya Kagera. Kagera ilikuwa vita ya kulipiza uvamizi. Kila redio iliimba, kila kijiji kilichanga. Ya Zambezia familia nyingi ziliisikia pale mtoto wao aliposafiri, au pale alipokosa kurudi. Kwa hiyo makaburi ya Naliendele yanafanya kazi ambayo hotuba hazikuifanya wakati ule.

Tumeshajua wenye makaburi. Mkuki bado haujajibiwa.

Mkuki unatoka kaskazini mwa Mkoa wa Lindi, Milima ya Matumbi, wilaya ya Kilwa. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, watu wachache walikwenda kwenye shamba la pamba la serikali na kung'oa miche. Wanaotajwa katika masimulizi ni Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela, pamoja na mwanamke, Nantabila Naupunda. Miche yenyewe ilikuwa michache, kwani lengo halikuwa kuharibu shamba. Ilikuwa ni kumwambia akida, msimamizi wa eneo aliyewekwa na Wajerumani, na Mjerumani aliye nyuma yake: vita imeanza. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe ambaye maji yake ya dawa yaliwaunganisha Wamatumbi, Wangindo, Wamwera, Wangoni na wengine wengi, alinyongwa Mohoro Agosti 4, vita ikiwa bado changa. Katika wiki zilizofuata ngome ya Liwale ilianguka, Askofu Cassian Spiss na wenzake wakauawa njiani karibu na Liwale, na misheni ya Nyangao ikachomwa.

Nusu karne baadaye, Desemba 1956, Julius Nyerere alisimama mbele ya kamati ya Umoja wa Mataifa mjini New York na kuwasimulia Majimaji, kwamba watu wale walipigana kwa kuwa hawakukubali kuwa mgeni ana haki ya kuwatawala. Hapo Majimaji ikaanza kubeba uzito mpya. Ilikuwa vita iliyoshindwa, iliyoua watu wengi mno. Taarifa za Wajerumani zilitaja vifo 75,000, na wanahistoria wa Kitanzania walikadiria kati ya 250,000 na 300,000. Mikononi mwa TANU ikawa mwanzo wa safari ya taifa. Chama kinachodai uhuru kwa maneno kilihitaji babu aliyeudai kwa silaha, na babu huyo alipatikana Matumbi.

Ndiyo sababu ya mkuki. Sherehe ya Julai 25 imebuniwa ili kumfanya askari aliyeanguka Zambezia mwaka 1987 awe mjukuu wa aliyeanguka Nandete mwaka 1905. Silaha zinazowekwa zinataja ukoo, hazitaji vita aliyopigana marehemu. Ni ubunifu wa makusudi, na mimi nauona umefaulu, ingawa una udanganyifu mdogo ndani yake: wapiganaji wa Majimaji hawakuwa na mikuki na mishale tu. Wengi walikuwa na magobori, na pwani ya Kilwa ilikuwa imeuza na kununua baruti kwa miaka mingi kabla ya Mjerumani kufika. Lakini gobori halipendezi kwenye sherehe. Mkuki na ngao, pamoja na shoka, vimo pia katika Nembo ya Taifa, na hapo kuna jambo ambalo huwa nawaonyesha wenzangu kila nikiiona nembo hiyo: chini, miguuni pa mmoja wa wale watu wawili wanaoishika ngao, umechipua mche wa pamba. Zao lilelile lililong'olewa Nandete. Taifa limeweka mkuki wa waasi na mche walioung'oa kwenye picha moja, na hakuna anayegombana.

Nandete pana mnara wa kumbukumbu. Makaburi ya kusafisha hakuna. Sababu inauma. Wajerumani waliona hawawezi kuwamaliza wapiganaji waliotawanyika msituni, wakaamua kuchoma vyakula: maghala, mashamba, hata mbegu. Wengi wa waliokufa hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, porini na njiani, bila mtu mwenye nguvu ya kuchimba kaburi. Miili haipo, majina ni yale machache yaliyobebwa na masimulizi. Kinachobaki ni mahali, na juu ya mahali unaweza kujenga mnara tu. Linganisha na Songea, ambako Februari 27, 1906 Wajerumani waliwanyonga machifu na wapiganaji wa Kingoni kwa mkupuo. Mnyongaji mwenye makaratasi huacha orodha. Kwa hiyo Songea wana tarehe, wana majina, wana kaburi la pamoja, na juu yake wakajenga makumbusho yenye sanamu za machifu. Vita ni hiyohiyo moja.

Kilwa Kivinje ndipo mahali pazuri pa kujifunza jinsi kumbukumbu mbili zinavyoweza kukaa mji mmoja zikisutana. Septemba 1888, kampuni ya Kijerumani ilipojaribu kuchukua forodha za pwani kwa mkataba iliofunga na Sultani wa Zanzibar, pwani nzima iliwaka. Lindi na Mikindani maofisa wa kampuni waliwahi kukimbia. Kilwa wawili hawakuwahi, wakauawa. Wajerumani waliporudi na mizinga, Mei 1890, waliteka Kilwa, Lindi na Mikindani, na baada ya kutulia wakawajengea wenzao wale wawili mnara wa mawe Kivinje, wenye maandishi ya Kijerumani. Watu wawili, majina mawili, tarehe moja, jiwe.

Upande wa pili ni Mwembe Kinyonga. Hapo Wajerumani walinyonga watu, na jina linalotajwa kwanza ni la Hassan bin Omari Makunganya, aliyewasumbua kwa miaka, akaishambulia Kilwa mwaka 1894, akakamatwa na kunyongwa Novemba 1895. Watu wa Kivinje hawakungoja serikali ije na saruji. Waliuita mti kwa kazi uliyofanyishwa, na jina likadumu miaka yote ambayo kuweka mnara wa shujaa huyo kungekuwa uhaini. Mnara wa kumbukumbu ulikuja baada ya uhuru, ukakuta kazi imeshafanyika. Huu ndio muundo wa kumbukumbu ambao wageni hawauoni wanapokuja na kamera: kusini mahali hukumbukwa kwa jina na kwa mti. Wayao, Wamakua na Wamakonde walikuwa wakitambika chini ya mti kwa unga wa mtama, wakitaja majina ya waliotangulia. Ukitaja jina mahali pake kila mwaka, huhitaji kuliandika. Udhaifu ni kwamba kijiji kikihamishwa, kama vilivyohamishwa vingi enzi ya vijiji vya ujamaa, mti unabaki peke yake na majina yanaanza kupungua.

Vita niliyoiacha hadi sasa ndiyo kubwa kuliko zote kwa idadi ya majeshi, na ndiyo isiyokumbukwa kabisa mahali ilipopiganwa.

Ukitoka Lindi, ukapita Mingoyo na kushika barabara ya Masasi, utavuka Nyangao na jirani yake Mahiwa. Gari za abiria husimama kidogo, watu wanauza matunda, safari inaendelea. Kati ya Oktoba 15 na 18, 1917, hapo palipiganwa pambano kali kuliko yote ya Vita Kuu ya Kwanza katika Afrika Mashariki. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, aliyekuwa na watu wapatao 1,500, alipambana na jeshi la Waingereza la watu karibu 5,000. Karibu nusu ya jeshi la Waingereza waliuawa au kujeruhiwa. Wajerumani walipoteza watu wapatao 500, lakini kwao hiyo ilikuwa hasara isiyozibika, na risasi zikawaishia. Wakaliacha eneo hilo, wakapanda nyanda za juu za Makonde, na Novemba 25 wakavuka Ruvuma na kuingia Msumbiji.

Tazama sasa nani walikuwa wanapigana. Upande wa Waingereza walikuwamo askari wa King's African Rifles (jeshi la Waafrika wa Afrika Mashariki chini ya Waingereza), kikosi cha Wanigeria, na Wahindi. Upande wa Wajerumani wengi walikuwa askari Waafrika wa koloni. Na nyuma ya kila bunduki walikuwa wapagazi. Nchi ya mbung'o haikubali farasi wala ng'ombe, barabara hazikuwapo, kwa hiyo kila risasi, kila gunia la mchele na kila kitanda cha majeruhi kilisafiri kichwani au begani mwa mtu. Wapagazi waliokufa katika vita yote ya Afrika Mashariki, kwa magonjwa na njaa zaidi kuliko risasi, hukadiriwa kufika laki moja. Wengi walikufa katika mwaka ule wa 1917, mwaka wa mvua kubwa, na wengi walikufa hapa kusini.

Makaburi yao yako wapi? Swali hili lilijibiwa na Waingereza wenyewe, wakachelewa miaka mia moja. Baada ya vita waliunda tume ya makaburi ya kifalme, na msingi wake ulikuwa mzuri kupita kiasi kwa wakati ule: kila aliyekufa apate jiwe la aina moja, jenerali na askari wa kawaida sawa, na jina lake liandikwe. Huko Ufaransa na Ubelgiji msingi huo ulifuatwa hadi leo unashangaza macho. Huku haukufuatwa. Maofisa waliamua kwamba Waafrika hawana desturi ya kuthamini alama ya kaburi, kwa hiyo mawe kwao ni gharama bure. Makaburi ya Wazungu yakatunzwa. Ya askari wengi Waafrika yakaachwa yarudi kuwa pori. Ya wapagazi hayakuhesabiwa kabisa. Aprili 2021 tume hiyo ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu kati ya 45,000 na 54,000, wengi wao Waafrika na Wahindi, walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na wengine wasiopungua 116,000, huenda hata 350,000, hawakutajwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi.

Hata makaburi yaliyokuwapo hayakukaa. Mwaka 1968 yalijengwa makaburi mapya ya vita Dar es Salaam, barabara ya Bagamoyo, kupisha ujenzi wa barabara palipokuwa na ya zamani, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 makaburi mengine 1,000 yakakusanywa humo kutoka sehemu mbalimbali za nchi ambako utunzaji ulikuwa mgumu. Kwa mtunzaji ni uamuzi wa busara. Kwa mikoa ina maana moja: vita ilipiganwa huku, kumbukumbu inasafiri kwenda mjini.

Na kumbukumbu kubwa ya waliokufa Mahiwa iko mjini kweli. Ni Sanamu ya Askari, pale kwenye mzunguko wa Samora, Dar es Salaam, ambayo wengi wetu tumeizunguka mara nyingi tukiwa ndani ya daladala bila kuitazama. Itazame. Ni ya shaba, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, ikazinduliwa mwaka 1927. Askari ameinama mbele, bunduki imewekwa singe, mguu mmoja umetangulia, na singe inaelekea bandarini. Kwenye kitako kuna michoro ya kuchongwa ambamo wapagazi nao wamo, na maneno ya Rudyard Kipling katika Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yanawataja wapagazi kuwa walikuwa miguu na mikono ya jeshi. Kabla ya vita hapo palikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, Mjerumani aliyeongoza jeshi lililorudi kuipiga pwani mizinga: yeye juu, amesimama, na chini yake askari Mwafrika akimtazama kwa kuinua uso. Waingereza waliiondoa, ikaishia Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960.

Kwa ubunifu, mabadiliko hayo ni makubwa. Mwafrika ametoka miguuni pa Mzungu akapanda juu ya kitako mwenyewe. Lakini amepanda bila jina. Sanamu hiyo ni ya askari, si ya askari fulani, na hapo uzuri wake unafunika pengo: ukishamchonga mmoja kwa niaba ya wote, hutaulizwa tena orodha. Nasema hivi nikiipenda sanamu yenyewe. Ni nzuri. Ila haimjibu mtu wa Nyangao anayetaka kujua babu wa babu yake alifia wapi.

Tukiacha siasa, mnara wenyewe unajengwaje, na kwa nini ile ya kwetu inafanana? Umbo linalorudiwa mijini ni nguzo ya pembe nne inayochongoka juu, juu ya ngazi chache, na bamba la maandishi usawa wa macho. Watu husema ni ya Kizungu. Wazungu waliichukua Misri, na pwani yetu ilikuwa na desturi yake ya kusimamisha nguzo juu ya kaburi la mtu mkubwa kabla ya Mreno kufika. Nenda Kaole, karibu na Bagamoyo, utaziona. Faida ya nguzo kwa mji kama Mtwara au Lindi ni kwamba haina dini. Sanamu ya mtu ingewakera Waislamu wengi wa pwani. Msalaba ungemwacha nusu ya mji nje. Nguzo inamkubali shehe, padri na mzee wa tambiko wasimame upande wowote watakao. Kitu ninachokitamani bado ni mkono wa Mmakonde kwenye kumbukumbu hizi. Watu wanaochonga nguzo nzima ya watu wamebebana, kizazi juu ya kizazi, wanaishi hapahapa, na minara yetu bado inachorwa kana kwamba hawapo. Kweli mpingo haupendi kukaa mvuani na juani miaka hamsini, lakini mchongo wa mti unaweza kutumika kama kielelezo kikamiminwa kwa shaba au saruji.

Saruji nayo ina adui wake huku. Upepo wa bahari umejaa chumvi. Chumvi hupenya kwenye zege, inafika kwenye nondo, nondo zinashika kutu. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwapo, kwa hiyo nondo huvimba ndani kama maharage yaliyolowekwa, na zege hupasuka kutoka ndani kuja nje. Ukiona mnara wa pwani una mistari ya rangi ya kahawia inayotiririka kwenye pembe, kupaka chokaa ni kuficha ugonjwa. Dawa ni ya mwanzoni: mchanganyiko mzito uliosukwa vizuri, mchanga wa mto usio na chumvi, na nondo zifunikwe na zege la kutosha kila upande. Au usitumie nondo kabisa. Jenga kwa mawe, kama mababu wa Kivinje na Mikindani walivyojenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa, majengo ambayo mengine yanapita karne. Na majina yachongwe ndani ya jiwe. Rangi juu ya bamba haimalizi misimu mingi ya kaskazi na kusi.

Nachingwea ni hadithi ya aina nyingine, nitaigusa kidogo. Kambi kuu ya mafunzo ya Frelimo ilikuwa huko, kwenye lililokuwa shamba la karanga la Waingereza, na jina la Farm 17 bado linatajwa. Mei 1975 Samora Machel alianzia upande huu safari yake ya ushindi, kutoka Ruvuma hadi Maputo. Lakini mwaka huohuo, kambini hapohapo, wapinzani wa Frelimo akiwamo Uria Simango, aliyewahi kuwa makamu wa rais wa chama, walisimamishwa hadharani kusoma maungamo waliyolazimishwa, na baadaye wakauawa bila kufikishwa mahakamani. Kumbukumbu ya ukombozi ikijengwa Nachingwea, na inastahili kujengwa, itabidi iamue kama ukuta wake una nafasi ya habari hiyo. Wabunifu wengi huepuka kwa kuweka bunduki, mwenge na mikono inayoshikana.

Kwa Mahiwa kazi ni ngumu zaidi lakini si ya kushindikana. Majina ya askari wa Waingereza, wakiwamo Wanigeria na wale wa King's African Rifles, kwa sehemu yamo kwenye madaftari ya jeshi, na tume ya makaburi sasa inayatafuta. Majina ya wapagazi wengi hayatapatikana. Ila wapagazi hawakuota porini: walichukuliwa kutoka vijijini, kwa majumbe, kwa idadi iliyotakiwa, na wazee wa vijiji vya Lindi, Masasi, Newala na Kilwa wanajua ni vijiji gani vilitoa watu na vilisimulia nini. Basi bamba la Mahiwa lingeweza kuandikwa vijiji badala ya watu. Halmashauri ikiwatuma walimu wa historia na wanafunzi wao kwa wazee kabla kizazi hiki hakijaondoka, orodha ya vijiji inaweza kukusanywa kwa gharama ya daftari na nauli. Mahali pa kuweka bamba papo, kando ya barabara ya Masasi, wanapouza matunda.